Mpishi wa Unyambwa Asiyekula Pilau Yake

"Kama ulikuwa umefunga, yale uliyokuwa unatafuna nyuma ya jiko yalikuwa nini? Biblia?"

Ni saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Unyambwa, pembezoni mwa mji wa Singida. Editha, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Innocent, amesimama upande wake wa ua wa minyaa, ndoo ya maji ikiwa bado kichwani. Upande wa pili, Severina, yaani Mama Loyce, anasugua sufuria kubwa kwa mchanga na majivu. Hajainua uso.

"Vilikuwa viazi," anajibu.

"Viazi! Mtu wa maombi!"

"Viazi viwili, Mama Innocent. Vya kuchemsha."

"Sijauliza idadi. Nauliza, mtu aliyefunga anakulaje viazi? Na mtu ambaye hajafunga anakataaje pilau aliyoipika mwenyewe?"

Wapita njia wamepunguza mwendo. Mama mmoja aliyekuwa anawahi mashine ya kusaga ameinama kurekebisha kandambili isiyo na tatizo lolote.

"Mimi sijasema umeweka kitu," anaendelea Editha. "Nimeuliza tu."

"Kuuliza kwako kumefika sokoni. Jana muuza nyanya kanishika mkono, ananiuliza kama ni kweli."

Editha anafungua mdomo kujibu, lakini hana wa kumjibu. Severina ameacha sufuria, amenyanyuka, na anatembea haraka kuelekea choo kilicho nyuma ya nyumba. Mlango wa bati unafungwa.

"Mmemwona?" Editha anawageukia wapita njia. "Akibanwa na swali, anakimbilia chooni."

Hapo Mama Innocent amesema kweli tupu, bila kujua.

Severina ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Mungaa, wilaya ya Ikungi, akaolewa Unyambwa miaka ishirini na mbili iliyopita. Kwa miaka kumi na minne sasa amekuwa mpishi wa shughuli: harusi, kipaimara, mahafali na misiba. Misibani hapokei malipo, ni ujirani. Harusi ya watu mia tatu humpatia kama laki moja na nusu, anayogawana na msaidizi wake, Lea.

Ukitaka kujua sifa zake, usimuulize yeye. Waulize waliokula. Wanasema wali wake haujawahi kuungua, na kwamba kuna watu huchangia harusi wasizozijua vizuri, ilimradi wamesikia mpishi ni Mama Loyce.

Lakini Jumamosi mbili zilizopita, kwenye kipaimara mtaa wa pili, Editha alikwenda nyuma ya jiko kutafuta mwiko. Akamkuta mpishi ameketi juu ya gogo, kontena la plastiki mapajani, anakula viazi vyake peke yake. Mbele ya jiko kulikuwa na pilau ya watu mia mbili. Na asubuhi ile ile, Severina alikuwa amewaambia wote kwamba amefunga.

Kufikia jioni, Unyambwa nzima ilikuwa na swali moja.

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, inafaa kujua desturi ya shughuli za mtaa huu. Kabla sahani ya kwanza haijakwenda kwa wageni, mpishi hula mbele ya mjumbe wa kamati. Si kuonja chumvi kwenye kiganja. Ni kula sahani, akaimaliza, watu wakamwona. Haikuandikwa popote, ila mpishi asiyekula huulizwa.

Severina hajala sahani hiyo kwa miaka tisa.

"Tumbo hili lilianza mwaka ule mvua zilipokataa," anasimulia, akiwa amerudi kwenye sufuria yake. Editha ameshaingia ndani, ingawa pazia la dirisha lake linatikisika bila upepo. "Linaanza kama mtu anayekamua shuka." Anakunja mikono hewani, mmoja huku, mwingine kule. "Halafu linajaa. Kanga niliyojifunga asubuhi, ikifika saa nne hainitoshi. Hapo ujue nina dakika chache za kufika chooni. Na baada ya hapo naweza kukaa siku tatu, nne, sipati choo kabisa."

Alitibiwa taifodi mara saba. Dawa za minyoo, anasema, aliacha kuhesabu. Alipimwa vidonda vya tumbo, hana. Akapigwa picha ya tumbo, safi.

"Daktari akaniambia, mama uko mzima, hongera. Nikamuuliza, hongera ya nini? Mimi nimekuja hapa nimejikunja kama ndizi."

Ndugu zake wa Mungaa walisema ni chango, wakampa mizizi michungu ya kuchemsha. Shangazi mmoja akasema ni mkono wa mtu, na akataja mpaka jina la mtu. Severina alikunywa mizizi. Jina alilikataa.

Miaka miwili iliyopita alikutana na Lucy, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye alimuuliza tofauti na wengine. Hakutaka kujua panauma wapi tu. Alitaka kujua jana yake alikula nini, na siku hiyo alikuwa na wasiwasi gani. Akamwambia atafute daftari, aandike kila anachokula na tumbo lilivyojibu, kwa wiki sita.

Daftari lilikuwa la shule la Loyce, binti yake, lililobaki kurasa. Wiki ya nne, Severina alianza kuona mtindo. Maharage, vurugu. Kabichi, vurugu. Maziwa, vurugu. Na katika mkoa ambao vitunguu vyake hupakiwa kwenye malori kwenda kila upande, adui mkubwa kuliko wote alikuwa kitunguu.

"Nilikaa chini nikacheka," anasema. "Mimi namenya gunia zima kwa harusi moja. Machozi nalia mimi, utamu wanakula wengine."

Kulikuwa na jambo lingine ndani ya daftari hilo. Siku za ugomvi, siku za wageni wengi, siku za kuwahi, tumbo lilichafuka hata kama alikula uji mtupu.

Lucy anasema hilo si ajabu. "Ukimpima mtu wa namna hii, utumbo wenyewe hauna kidonda. Tatizo ni unavyofanya kazi. Haujatulia, unashtuka kwa kitu kidogo. Vitabuni ugonjwa huu una jina refu, wenyewe tunafupisha, tunasema IBS. Hauambukizi, na hauishii kuwa saratani. Lakini mtu akiona damu kwenye choo, au akikonda bila sababu, asijiambie ni lile lile. Arudi apimwe."

Sasa, kama alijua miaka miwili iliyopita, kwa nini hakusema?

Severina anaacha kusugua. Anatazama kulia na kushoto, kisha anashusha sauti, ingawa habari yenyewe inakwenda gazetini.

"Wewe niambie. Mpishi anasema tumbo lake linaharisha. Nani atakula?"

Kwa hiyo, tangu mwanzo, alitafuta njia. Hapa ndipo habari yenyewe inapoingia utamu.

Unyambwa kuna Wakristo na Waislamu, na wote wanaheshimu mtu aliyefunga. Humlazimishi kula. Humuulizi amefunga kwa ajili gani. Severina akagundua kwamba neno moja tu, "nimefunga," linamtoa kwenye sahani ya kwanza kwa heshima, na Lea anakula badala yake. Akalitumia mara moja. Likafanya kazi. Akalitumia tena.

Tatizo la kufunga kila Jumamosi ni kwamba watu wanaanza kuhesabu. Wakamwona ni mwombaji mkubwa. Wakaanza kumletea shida zao. Mmoja mtoto wake ana mtihani, mwingine mume wake yuko machimboni na simu haipatikani. Mzee mmoja alitoka Mungaa kwa baiskeli kuja kumweleza kwamba ng'ombe wake amelala siku mbili, hasimami.

"Nilifanyaje? Niliomba," anasema Severina. "Niliomba kweli. Nilikuwa chooni, lakini niliomba."

Na ng'ombe?

"Akasimama!" Anapiga paja. "Ng'ombe yule ndiye aliyeniponza. Wiki iliyofuata nikaletewa maombi ya mbuzi sita."

Mumewe, Hosea, mfyatua matofali, anacheka mpaka anashika ukuta. Yeye alijua tangu mwanzo. Ndiye aliyechimba choo cha pili, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni, kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa mbali, nyuma ya zizi.

"Wenzangu wanajengewa sebule," anasema Severina. "Mimi nimejengewa choo. Na sibadilishani na mtu."

Ukikaa naye siku mbili, unaanza kuona jinsi tumbo hili linavyompangia maisha. Kanisani hukaa benchi la mwisho, pembeni, karibu na mlango. Akiitwa kupika msiba Kinampanda, Iramba, hapandi basi. Anatafuta bodaboda, njia yote hiyo ya vumbi, kwa sababu bodaboda unaweza kuigonga bega mwenye nayo akasimama popote penye kichaka. Chakula huacha tangu jana yake mchana.

Na kila anapopata kazi, hutangulia siku moja kwenda kuangalia eneo. Watu humsifu: mpishi makini huyo, amekuja kuona maji na kuni. Maji na kuni huviona pia. Lakini kwanza anauliza choo kiko wapi. Hakuna mtu Unyambwa anayejua vizuri kuliko yeye ni choo cha nani kina mlango na cha nani kina gunia.

Jikoni, saa ngumu kuliko zote ni ile ya kupalia wali, makaa yakiwa juu ya mfuniko na chini. Dakika kumi za uzembe, kilo sitini za mchele zinaungua. Ndizo dakika tumbo lake hupenda kuita. Hapo humpa Lea mwiko bila neno, na Lea, aliyefanya naye kazi miaka kumi, haulizi.

Basi, baada ya viazi kuonekana, "nimefunga" haikufaa tena. Na kilichobaki mahali pake kilikuwa kibaya zaidi: mpishi hajafunga, hajasema kwamba ni mgonjwa, na chakula chake hali. Jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na harusi ya Kristina, binti wa Mzee Enock, wageni mia tatu na hamsini. Kamati ikamwita Severina Alhamisi, saa kumi jioni. Kila mtu alijua akinyang'anywa harusi hiyo, hatapata nyingine Unyambwa.

Mzee Enock ana ukumbi mkubwa, lakini siku hiyo ulikuwa mdogo. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja. Waliokuja kusikiliza, wakisema wamepita tu, walikuwa zaidi ya ishirini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Mzee Enock alikohoa. "Binti yangu anaolewa mara moja. Sisemi kwamba ninaamini ya barabarani. Lakini nina wageni wanatoka mbali, na hao nao wana masikio. Tueleze."

Severina alisimama. Lea aliyekuwa nyuma yake anasema bosi wake alikuwa ameshapima kwa macho umbali wa kufika mlangoni.

Akasema yote. Tumbo, kukamuliwa, kujaa, daftari la Loyce, vitunguu. Akasema kufunga kulikuwa uongo, ila maombi hayakuwa uongo. Akasema ugonjwa hauambukizi, na kwamba mikono yake huosha kwa sabuni kuliko mtu yeyote ndani ya ukumbi ule, kwa sababu yeye huenda chooni kuliko mtu yeyote ndani ya ukumbi ule.

Bibi Cecilia, mama yake Mzee Enock, ambaye amevuka miaka themanini, akasogeza kigoda mbele.

"Na hivi vitunguu vyetu hivi?"

"Hivyo hivyo, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata maji yake, bibi."

"Masikini," alisema bibi, kwa huruma ya mtu aliyesikia msiba. Akaongeza maneno kwa Kinyaturu, na wazee wakacheka na kutikisa vichwa.

Hapo ukumbi ukafunguka. Mmoja akasema mlonge. Mwingine akasema ukwaju, mwingine akasema huo ukwaju ndio utammaliza. Mwalimu mmoja alitaka kujua kama maharage ya nazi nayo yanahesabika. Mjumbe aliyekaa karibu na dirisha, bila kuulizwa, alieleza habari za tumbo lake mwenyewe kwa kirefu, mpaka mke wake akamvuta shati.

"Basi apike bila vitunguu, ale, tumalize," akashauri mtu.

Severina akakataa. "Pilau bila kitunguu, Singida hii? Mtanifukuza kwa kosa la kweli sasa."

"Sahani ya kwanza atakula Lea, kama zamani," akasema Mzee Enock.

"Hapana, mzee." Watu walishangaa, hata Lea. "Lea ni mtu wangu. Anayeniamini atakula hata mbichi. Mimi nataka mtu asiyeniamini. Akae jikoni tangu alfajiri, aone kila kitu ninachotia, halafu ale yeye."

Vichwa vyote vikageuka upande mmoja. Editha, mjumbe wa kamati ya chakula, alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Mimi? Mimi niliuliza tu."

"Ndiyo maana," akasema Severina. "Njoo upate jibu."

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Editha ameshafika. Amevaa sweta na kilemba, na amekuja na kigoda chake mwenyewe. Anakiweka ndani ya jiko lililozungushiwa turubai la bluu, mahali anapoona sufuria zote. Hasalimii kwa maneno mengi.

Anaangalia vitunguu vinavyokatwa. Anaangalia nyama inavyooshwa. Kila Severina anapofungua kikopo, Editha ananyoosha shingo.

"Hiyo nini?"

"Bizari nyembamba. Nusa."

Ananusa. Baada ya dakika tano: "Na hiyo?"

"Iliki, Mama Innocent. Unayo hata kwako."

"Ya kwangu si nyingi hivyo."

Kufikia saa tatu, kigoda kimesogea karibu na moto. Kufikia saa nne, Editha anamenya vitunguu saumu, kwa maelezo kwamba hawezi kukaa bure. Ameshamwona mpishi akienda chooni mara nne, na mara zote nne amemwona akirudi na mikono inayochuruzika maji ya sabuni.

"Kila siku ni hivi?" anauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Siku za shughuli, ndiyo. Hofu inalichokoza. Wewe tu umeniongezea safari mbili."

Editha anacheka kabla hajajizuia.

Saa tano na nusu, wali unapaliwa. Lea amekwenda kwenye sufuria ya nyama, ng'ambo ya jiko, mikono yake yote imeshika. Severina anasimama ghafla, anajishika ubavu. Anatazama makaa. Anamtazama Lea. Kisha anamnyooshea mwiko mtu aliye karibu.

Editha anautazama ule mwiko.

"Mimi sijui kupalia wali wa watu mia tatu."

"Ukisikia unaanza kunukia utamu, ondoa makaa ya chini. Basi." Na ameshatoka.

Anakaa dakika tisa. Anaporudi, Editha yuko chini kwenye majivu, kilemba kimelegea, uso umejaa jasho, anavuta makaa kwa koleo na kumfokea Lea kana kwamba jiko ni lake tangu zamani. Severina anafunua mfuniko. Mvuke unapanda. Anatia mwiko mpaka chini na kuutoa. Wali umechambuka, mweupe na kahawia, hakuna ukoko mweusi.

Anafunika.

Wakati wanasubiri gari la bibi harusi, Severina anajinyoosha juu ya gunia la mkaa na kueleza anachokitaka. Kuanzia sasa, kila atakayemwita atamwambia mapema masharti yake mawili: choo kiwe karibu, na sahani ya kwanza iliwe na mtu wa mwenye shughuli. Atakayeogopa, aogope mapema. Daftari amelianza upya, na Lucy amempa tarehe ya kurudi. Na Loyce, anayesomea ualimu, ameshaleta mchumba nyumbani.

"Siku ya Loyce sipiki," anasema. "Apike Lea. Mimi nitakaa meza ya wazazi, upande wa mlangoni, nile wali mweupe na kuku wa chumvi na tangawizi. Na asitokee mtu wa kuniuliza kwa nini sili pilau. Hilo tu. Sitaki makubwa."

Honi zinasikika barabarani. Vigelegele vinajibu. Mzee Enock anachungulia jikoni, suti yake imembana, anauliza kama mambo yako tayari. Nyuma yake wamesimama wajumbe wanne na Bibi Cecilia na mkongojo wake. Wamekuja kushuhudia.

Lea anapakua sahani moja. Wali, mapande mawili ya nyama, kachumbari pembeni.

Lakini kigoda kiko kitupu. Editha ametoka, yuko nje ya turubai, anajifanya kupanga glasi ambazo zilikwisha kupangwa. Wiki mbili nzima amelisema jambo hili sokoni, kisimani na kwenye ua wa minyaa. Sasa watu wote wamegeuka kumtazama, na shingo yake ile ndefu imeingia mabegani.

Severina anafunga kanga yake vizuri. Anachukua birika la maji na beseni, anakwenda mpaka ukingoni mwa jiko, na kuliinua turubai kwa mkono mmoja.

"Mama Innocent, acha hizo glasi," anasema. "Karibu ndani. Nawa, ule."